Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Mashine Pepe na Uhifadhi wa Data za Lugha

0. Utangulizi

Kompyuta zilipoingia katika idara za lugha za vyuo vikuu, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kazi nyingi zilizokuwa zikiandikwa kwa mkono au kupigwa taipu zilihamishiwa kwenye disketi: tasnifu, orodha za maneno, matini za fasihi simulizi, rasimu za kamusi. Iliaminika kwamba kilichotiwa humo kimehifadhiwa. Baada ya miaka thelathini na ushei imedhihirika kuwa karatasi iliyopigwa taipu bado husomeka kwa macho matupu, ilhali faili iliyo katika disketi haisomeki ipasavyo mpaka ipatikane programu iliyoiandika, fonti iliyotumika, na mfumo wa uendeshaji uliokuwa ukiibeba programu hiyo. Vitu hivyo vitatu vikikosekana, data huwapo lakini haina msomaji.

Makala haya yanaeleza mbinu moja ya kukabiliana na hali hiyo, nayo ni kuendesha mfumo mwingine wa uendeshaji ndani ya mashine pepe. Kwanza itaelezwa kazi ya mfumo wa uendeshaji. Kisha namna mashine pepe inavyofanya kazi na historia yake kwa ufupi. Baadaye suala la istilahi. Na mwishowe matumizi yake katika utafiti wa lugha pamoja na mipaka yake. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa mtafiti wa lugha, mashine pepe ni njia ya kumrudisha shahidi aliyeyaona maandishi yalivyokuwa siku yalipoandikwa.

1. Kazi ya mfumo wa uendeshaji

Kompyuta yenyewe ni mkusanyiko wa vyombo: kichakataji kinachotekeleza maagizo, kumbukumbu inayoshika data kwa muda, diski inayoihifadhi hata umeme ukizimwa, skrini, kibodi na vinginevyo. Programu ya kuandikia haivishiki vyombo hivyo moja kwa moja. Inapotaka kufungua faili au kuchora herufi kwenye skrini, hupeleka ombi kwa mfumo wa uendeshaji, nao ndio unaoamua nani apewe nini na kwa muda gani. MS-DOS, Windows, Linux na macOS ni mifumo ya aina hiyo.

Kila mfumo una namna yake ya kupokea maombi. Programu iliyotungwa kwa ajili ya MS-DOS huomba kwa lugha ya MS-DOS, na Linux haiielewi lugha hiyo. Hata ndani ya ukoo mmoja mambo hubadilika. Windows za zamani ziliweza kuendesha programu za MS-DOS kwa kutumia hali maalumu ya kichakataji iliyoanza na Intel 80386 mwaka 1985. Kichakataji kinapofanya kazi katika hali ya biti 64, nafasi hiyo haipo tena; kwa hiyo Windows za biti 64 huzikataa programu za biti 16. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hupatikana katika biti 64 pekee. Mtafiti anayejaribu kufungua humo programu ya kamusi ya mwaka 1992 huambiwa tu kwamba haiwezi kuendeshwa katika kompyuta yake, ingawa disketi ni nzima na programu haina kasoro yoyote.

Yaweza kuulizwa: kwa nini mifumo miwili isiwekwe katika kompyuta moja? Huwekwa, lakini kwa zamu. Kompyuta inapowashwa, mtumiaji huchagua mfumo mmoja, na ule mwingine hubaki umelala katika diski. Fahali wawili hawakai zizi moja: kila mfumo wa uendeshaji umeundwa kwa imani kwamba kichakataji, kumbukumbu na vyombo vyote ni milki yake peke yake. Mifumo miwili ikiachiwa kompyuta moja kwa wakati mmoja bila mwamuzi, kila mmoja utaandika juu ya kumbukumbu ya mwenzake, na yote miwili itaanguka.

2. Namna mashine pepe inavyofanya kazi

2.1 Mwenyeji, mgeni na msimamizi

Mashine pepe huondoa ugomvi huo kwa kumpata mwamuzi. Mwamuzi huyo ni programu ambayo hapa itaitwa msimamizi. Mfumo uliokuwamo katika kompyuta tangu mwanzo huitwa mwenyeji, na ule unaoletwa huitwa mgeni. Msimamizi humtengenezea mgeni picha ya kompyuta kamili: kichakataji, kiasi fulani cha kumbukumbu, diski, skrini, kibodi, na hata programu ndogo inayoamka kompyuta inapowashwa. Mgeni hukaa ndani ya picha hiyo akiamini kwamba amepewa nyumba nzima, kumbe amepewa chumba.

Wasimamizi ni wa namna mbili. Wapo wanaokaa juu ya vyombo moja kwa moja, bila mfumo mwingine chini yao. Hao hutumika zaidi katika kompyuta kubwa za vituo vya data. Wapo pia wanaoendeshwa kama programu ya kawaida ndani ya Windows, Linux au macOS, na mgeni huonekana katika dirisha moja la skrini. Kwa mwalimu au mwanafunzi mwenye kompyuta moja ya mezani au ya mkononi, namna hii ya pili ndiyo inayofaa.

2.2 Maagizo na ruhusa

Ugumu wote umo katika kichakataji. Vichakataji vya kisasa hufanya kazi kwa ngazi za ruhusa. Kiini cha mfumo wa uendeshaji hukaa katika ngazi ya juu, ambapo maagizo yote yanaruhusiwa. Programu za kawaida hukaa katika ngazi ya chini, ambapo maagizo mazito, kama vile kubadili mpangilio wa kumbukumbu, yamekatazwa. Programu ya ngazi ya chini ikitoa agizo lililokatazwa, kichakataji huikatiza na kupeleka habari ngazi ya juu.

Msimamizi huutumia utaratibu huo kama mtego. Mgeni huwekwa katika ngazi ya chini bila mwenyewe kujua. Maagizo yake mepesi, ambayo ndiyo mengi, hutekelezwa na kichakataji chenyewe kwa kasi ile ile ya kawaida. Anapotoa agizo zito, mtego hufyatuka. Msimamizi huamka, hulitazama agizo, huigiza matokeo yake juu ya ile kompyuta ya picha, kisha humwacha mgeni aendelee. Mgeni huona kwamba alichoamuru kimetendeka.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti la jambo hili kwa njia ya kihisabati. Walidai kwamba msimamizi wa kweli atimize mambo matatu: programu iendeshwayo ndani yake itende kama ambavyo ingetenda katika kompyuta halisi, msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya vyombo vyote, na sehemu kubwa ya maagizo itekelezwe na kichakataji chenyewe bila kuingiliwa. Walionyesha pia kwamba haya huwezekana kwa njia ya mtego ikiwa kila agizo linalogusa hali ya kompyuta ni miongoni mwa maagizo yanayokatizwa katika ngazi ya chini.

Vichakataji vya Intel vilivyoenea katika kompyuta ndogo havikulitimiza sharti hilo. Mwaka 2000 John Scott Robin na Cynthia Irvine walichapisha uchambuzi wao wa kichakataji cha Pentium na kuonyesha maagizo 17 yanayokwepa mtego. Mfano mmojawapo ni agizo la POPF. Miongoni mwa kazi zake ni kurudisha alama inayoruhusu au kuzuia ukatizaji, yaani zile ishara zinazotoka katika vyombo kama kibodi. Likitolewa katika ngazi ya chini, kichakataji hakilalamiki; huiacha tu sehemu hiyo ya agizo bila kuitekeleza, na kuendelea. Kwa hiyo msimamizi hapati habari, na mgeni anaamini amezuia ukatizaji ilhali hakuna kilichozuiwa. Hitilafu ndogo ya aina hiyo yatosha kuuangusha mfumo mzima.

2.3 Kumbukumbu, diski na mtandao

Kumbukumbu hushughulikiwa kwa jedwali. Mgeni anapotaja nafasi ya kwanza ya kumbukumbu yake, msimamizi huelekeza rejeo hilo kwenye nafasi nyingine kabisa ya kumbukumbu halisi. Hivyo mgeni hawezi kufikia kumbukumbu ya mwenyeji wala ya mgeni mwingine. Zamani jedwali hilo lilitunzwa na programu, na kazi ilikuwa nzito. Vichakataji vya AMD tangu 2007 na vya Intel tangu 2008 hulisoma vyenyewe.

Diski ya mgeni ni faili moja kubwa katika diski ya mwenyeji. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote kwa mtafiti. Mfumo mzima pamoja na programu, fonti na maandishi yake huwa kitu kimoja kinachoweza kunakiliwa, kuwekwa katika diski ya nje, au kupelekwa chuo kingine. Zaidi ya hayo, msimamizi anaweza kuhifadhi hali ya mgeni kama ilivyo katika dakika fulani. Likitokea kosa, mtumiaji huirudia hali hiyo kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Kuhusu mtandao, mgeni anaweza kupita mgongoni mwa mwenyeji, au kuunganishwa kama kompyuta inayojitegemea, au kufungiwa kabisa. Kwa mifumo ya zamani, kama itakavyoelezwa, kufungiwa ndiko kunakofaa.

3. Historia kwa ufupi

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta ndogo zenyewe. Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mali ya taasisi, na watumiaji walipangiwa zamu. Katika kituo cha utafiti cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, ilitengenezwa programu ya CP-40, iliyoanza kutumika mwaka 1967, ambayo ilimpa kila mtumiaji picha ya kompyuta yake mwenyewe ndani ya kompyuta moja ya System/360. Ilifuatwa na CP-67, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake wote.

Kompyuta ndogo zilipoenea miaka ya 1980, haja hiyo ilififia, kwani kila mtu aliweza kuwa na mashine yake. Ilifufuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 1997 kazi yao iliyoitwa Disco, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya VMware mwaka 1998. Bidhaa yao ya kwanza, ya mwaka 1999, iliyapita yale maagizo yanayokwepa mtego kwa kuyasoma kabla hayajatekelezwa na kuyabadilisha kwa mengine yaliyo salama. Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, walianza kuuza vichakataji vyenye ngazi ya ziada kwa ajili ya msimamizi, na ugumu wa kale ukapungua sana. Mwaka 2007 Linux ilipata msimamizi wake wa ndani uitwao KVM, na mwaka huo huo ikatolewa VirtualBox, ambayo baadaye ilikuja kuwa mali ya Oracle na ambayo programu yake ya msingi hutolewa bure. Wakati huo huo QEMU, iliyotungwa na Fabrice Bellard na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2003, iliendelea kukua.

Hapa yafaa itofautishwe mashine pepe na uigaji. Katika mashine pepe, mgeni na mwenyeji hutumia kichakataji cha aina moja. Ikiwa mgeni aliandikwa kwa ajili ya kichakataji cha aina nyingine, kwa mfano Macintosh za miaka ya 1980 zilizotumia vichakataji vya Motorola, hapana budi kila agizo litafsiriwe. Hiyo ndiyo kazi ya kiigaji. Tafsiri hupunguza kasi, lakini kompyuta za leo zina kasi kubwa kiasi kwamba kwa mfumo wa miaka thelathini iliyopita upungufu huo hauhisiki. QEMU huweza kufanya kazi zote mbili, na DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, huiga kompyuta ya MS-DOS pekee.

4. Suala la istilahi

Kifaransa husema "machine virtuelle". Sifa hiyo yatokana na neno la Kilatini "virtus", lenye maana ya nguvu au uwezo. Kwa hiyo kitu chenye sifa hiyo ni kile chenye uwezo na athari ya kitu fulani bila kuwa kitu hicho chenyewe. Maana hiyo inalingana vizuri na jambo linaloelezwa.

Katika Kiswahili neno "pepe" limekwisha kuenea katika maandishi ya kompyuta, na makala haya yamelifuata. Hata hivyo lina walakini. Katika matumizi ya kawaida, pepe ni punje ya mpunga isiyokuwa na kiini: kwa nje ina umbo la punje, kwa ndani ni tupu. Msomaji anayeikumbuka maana hiyo aweza kudhani kwamba mashine pepe haifanyi kazi ya kweli. Lakini imekwisha kuonyeshwa kwamba maagizo mengi ya mgeni hutekelezwa na kichakataji halisi, na faili anayoiandika ni faili halisi. Neno "dhahania" nalo huelekea kwenye mambo ya kuwaziwa tu, wala "ya mtandaoni", linalotumika mahali pengine, halifai, kwani mashine pepe haihitaji mtandao wowote. Kwa kukosa lililo bora, "pepe" laweza kubaki, mradi lifahamike kuwa utupu umo katika umbo la nje la mashine, yaani sanduku lisilokuwapo, wala haumo katika kazi yake.

Kinyume chake, maneno "mwenyeji" na "mgeni" yamekaa katika Kiswahili kama yaliyozaliwa humo. Mgeni hufuata taratibu za nyumba, hapewi funguo za ghala, na hatimaye huondoka bila nyumba kubomoka. Hata methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ina mahali pake: mgeni hulima kweli, lakini jembe ni la mwenyeji.

5. Matumizi katika utafiti wa lugha

5.1 Herufi zilizopotea

Maandishi ya Kiswahili Sanifu yaliyopita katika kompyuta za zamani kwa kawaida yamesalimika. Herufi zake zote zimo katika orodha ya kwanza ya alama 128 ambayo karibu kila mfumo uliifuata. Hata sauti ya "ng'" huandikwa kwa alama ya kawaida ya ritifaa. Matatizo yako kwa lugha nyingine za Kongo, na kwa unukuzi wa kifonetiki wa lugha yoyote, Kiswahili kikiwamo.

Kabla ya kuenea kwa Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, fonti ya kawaida haikuwa na nafasi zaidi ya 256. Orodha namba 850 ya MS-DOS, iliyokusudiwa Ulaya ya Magharibi, ilikuwa na é na ç kwa ajili ya Kifaransa, lakini haikuwa na ɔ wala ŋ. Watafiti walijisaidia kwa fonti maalumu zilizochora alama ya kifonetiki mahali pa alama nyingine. Ikiwa fonti iliweka ŋ mahali pa N kubwa, basi katika faili yenyewe imeandikwa N. Ni fonti tu iliyomwonyesha mwandishi ŋ. Faili hiyo ikifunguliwa leo bila fonti ile, [ŋombe] huwa "Nombe", na hakuna kitu ndani ya faili kinachomwambia msomaji kwamba N hii ni ŋ na N ile ni N ya jina la mtu.

Ukubwa wa hasara huonekana vizuri katika Lingala. Lugha hiyo hutofautisha "moto", yaani mtu, "motó", yaani kichwa, na "mɔ́tɔ", yaani moto uwakao. Mwandishi wa kamusi aliyeweka ɔ mahali pa alama ya @ na toni mahali pa alama nyingine alikuwa na maneno matatu kamili katika skrini yake. Programu ya kisasa inayosoma faili hiyo kwa pupa, ikizitupa alama isizozifahamu, yaweza kumwachia mrithi wake neno moja lenye maana tatu, au konsonanti zisizo na irabu. Kwa mtu mwenye kuijua lugha vizuri, kosa laweza kusahihishwa kwa muktadha. Katika orodha ya maneno elfu kadhaa ya lugha yenye wasemaji wachache, iliyokusanywa kwa wazee ambao wengi wao wamekwisha kufariki, hakuna muktadha wa kusaidia wala mtu wa kuulizwa.

5.2 Mashine pepe kama shahidi

Hapa ndipo mashine pepe inapotoa msaada ambao kigeuzi cha faili peke yake hakiwezi kuutoa. Ndani ya mgeni aliye na mfumo wa wakati ule, programu ile na fonti ile, ukurasa huonekana kama mwandishi alivyouona. Programu yaweza kuwa ya kuandikia, kama WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989, au ya kupanga data za lugha, kama Shoebox ya SIL. Kazi hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, disketi husomwa kwa chombo cha nje na kufanyiwa nakala kamili, alama kwa alama, iwe faili moja. Disketi ya kawaida ya inchi tatu na nusu ina kilobaiti 1,440 tu, hivyo mamia yao hukaa katika diski ndogo kabisa ya leo. Kazi zote zinazofuata zifanywe juu ya nakala, na disketi ya asili irudishwe mahali pake.

Pili, nakala hiyo huonyeshwa kwa mgeni kana kwamba ni disketi iliyochomekwa, na faili hufunguliwa kwa programu yake.

Tatu, ukurasa unaoonekana kwa mgeni hulinganishwa na alama zilizomo katika faili, na jedwali huandikwa: alama hii husimama badala ya ɔ, hii badala ya toni ya juu, hii badala ya ŋ.

Nne, jedwali hilo hutumiwa kuigeuza faili kuwa Unicode, na matokeo hulinganishwa tena na ukurasa wa mgeni mpaka tofauti ziishe.

Tano, vitu vinne huhifadhiwa pamoja: nakala ya disketi, jedwali, faili mpya, na mashine pepe yenyewe. Mtafiti wa baadaye akishuku herufi fulani, ataweza kumwamsha shahidi na kumuuliza upya.

6. Maandalizi, mipaka na tahadhari

Mahitaji si makubwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilidai kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa uchache, na programu za MS-DOS zilizoea kubanwa katika kilobaiti 640. Kompyuta yenye gigabaiti 8 humtunza mgeni wa aina hiyo bila kuhisi uzito. Kabla ya kuanza, ihakikishwe kwamba msaada wa mashine pepe uliomo katika kichakataji haukufungwa katika mipangilio ya awali ya kompyuta. Msimamizi husakinishwa kama programu nyingine yoyote. Kisha mashine mpya hupewa jina, kumbukumbu na diski, na mfumo mgeni husakinishwa ndani yake. Hali yake ihifadhiwe mara tu kazi hiyo inapokamilika.

Mambo kadhaa huwashangaza wanaoanza. Kibodi nyingi zinazotumika Kongo zimepangwa kwa utaratibu wa Kifaransa, lakini MS-DOS, isipoelezwa vinginevyo, hudhani mpangilio ni wa Kimarekani; hivyo mtu hubonyeza A akaona Q. Amri ya KEYB FR hurekebisha jambo hilo. Aidha, MS-DOS haijui kupumzika: hata inapomsubiri mtumiaji huzunguka bila kukoma, na kichakataji cha mwenyeji hupata joto bure. Heri mgeni huyo azimwe kazi inapokwisha.

Mipaka mikubwa zaidi ni mitano. Ya kwanza, mashine pepe haiponyi disketi iliyooza. Ikiwa sumaku imefifia, hakuna cha kumwonyesha mgeni. Ya pili ni sheria: Windows, hata ya zamani, huhitaji leseni, ilhali Linux na FreeDOS, mradi ulioanza mwaka 1994 kwa ajili ya kuendeleza programu za MS-DOS, ni huru. Ya tatu ni usalama. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014; mgeni wa aina hiyo asiunganishwe na intaneti, na faili zipitishwe kwake kwa nakala za diski. Ya nne ni vichakataji: kompyuta za Apple zilizotolewa tangu mwisho wa mwaka 2020 zenye vichakataji vya kampuni hiyo yenyewe haziwezi kumpokea mgeni wa Intel ila kwa uigaji. Ya tano ni umeme. Umeme ukikatika ghafla, mgeni huanguka pamoja na mwenyeji, na faili ya diski yake yaweza kuharibika. Mahali ambapo katizo ni la kawaida, hali ihifadhiwe mara kwa mara na nakala iwekwe katika diski nyingine.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mashine pepe hukaa juu ya udanganyifu mmoja uliopangwa vizuri: mgeni huaminishwa kwamba anaimiliki kompyuta, na msimamizi hulilinda lile analoaminishwa kwa kukatiza kila agizo linaloweza kulifichua. Udanganyifu huo, uliobuniwa ili watu wengi washiriki kompyuta moja ya bei kubwa, leo waweza kutumika kwa kazi ambayo wabunifu wake hawakuikusudia, nayo ni kuyasoma maandishi ambayo mifumo yake imekufa.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa idara za lugha. Disketi zilizomo makabatini zinakiliwe sasa, hata kabla ya kuamuliwa zitasomwa vipi, kwani nakala yaweza kusubiri na disketi haiwezi. Fonti na programu za zamani zisitupwe pamoja na kompyuta zilizoharibika, kwa kuwa bila hizo mgeni hana cha kushuhudia. Mwisho, watunzi wa kazi za miaka ya 1980 na 1990 ambao wangali hai waombwe kuandika, hata kwa ukurasa mmoja, ni programu gani na fonti gani walizotumia na kila alama ilisimama badala ya nini. Ukurasa huo, ukiandikwa kwa kalamu juu ya karatasi, utamwondolea mrithi wao miezi ya kukisia, na utasomeka bila msimamizi wala mgeni.